Kamba Wazima Thelathini

Mkaguzi hakuwa mtu wa kufurahia faili safi. Miaka ishirini na miwili ya kufuatilia magonjwa ya samaki, kaa na kamba ilimfundisha kwamba shamba la kweli huwa na faili lenye madoa: wiki mbaya hapa, kipimo cha kurudiwa pale, mstari uliokatwa kwa kalamu na kuandikwa upya. Faili aliloletewa na Meneja asubuhi ile lilikuwa na vyeti kumi na kimoja, kimoja kwa kila wiki, na vyote vilisema jambo lilelile: hakuna virusi.

"Kumi na kimoja," alisema Meneja, akigonga faili kwa kidole. "Halafu ghafla kamba wa bwawa la tatu wanakufa kama wameambiana. Niambie basi, ugonjwa umetoka wapi kama si nje?"

"Nje ni kubwa."

"Nje ni wale kina mama wa nyavu. Wanavua hapo hapo kwenye mfereji unaoniletea maji."

Meneja hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kijana wa shati lililopigwa pasi, mwenye mabwawa sita ya kuyajibia na haraka ya kupata wa kumlaumu. Haraka hiyo ilikuwa imezaa barua. Barua iliwataka kina mama ishirini na saba waondoke kwenye mkono wa bahari hadi msimu ujao, na Mkuu wa Idara angeitia saini saa tisa alasiri, isipokuwa Mkaguzi angeleta sababu ya kutoitia. Ikitiwa saini, kamba wa mwaka mzima wangewapita wanawake wale wakiwa wamekaa nchi kavu na nyavu zao mapajani. Kazi nyingine hawakuwa nayo.

Saa ilikuwa mbili na robo. Mkaguzi alivaa buti, akakanyaga kwenye beseni la dawa, akajisikia vizuri kama alivyojisikia kila alipoanza kesi. Mkewe alikuwa akimwambia kwamba mtu mwenye akili timamu hachangamki namna ile kwa sababu ya kamba. Yeye alikuwa ameacha kubishana.

Kwenye ukingo wa bwawa la tatu alimkuta mtunza mabwawa, mzee mwembamba ambaye wafanyakazi wenzake walimwita Bwana Taratibu. Alikuwa ameokota maiti za asubuhi na kuzipanga kwenye sinia, vichwa upande mmoja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wa leo ni arobaini na wawili. Jana sitini."

Mkaguzi alichukua mmoja, akabandua gamba la kichwa na kuliinua kwenye jua. Madoa meupe yalionekana waziwazi, kama chembe za chumvi.

"Umeona!" alisema Meneja.

"Nimeona madoa. Maji yakiharibika nayo hutia madoa. Ngoja tuwaulize wenyewe."

Alikata vijiguu vya kuogelea, akavisaga kwenye kichupa chenye maji ya dawa, akachovya ukanda mwembamba wa karatasi na kutazama saa yake. Kipimo kile kilitaka dakika kumi na tano.

"Hicho nakijua," alisema Meneja, akilainika kidogo. "Mke wangu alinionyesha kimoja mwezi uliopita."

"Mistari mingapi?"

"Miwili."

"Hongera sana. Hapa miwili ni msiba."

Ikatoka miwili. Bwana Taratibu alivua kofia, akaivaa tena. Virusi vile havimdhuru binadamu hata akila sahani nzima, lakini bwawa la kamba, hata vikijificha humo wiki nyingi, siku vikilipuka hulimaliza ndani ya siku kumi, na maji yakifunguliwa huvipeleka kwa jirani.

"Usifungue tone la maji kutoka bwawa hili," alisema Mkaguzi. "Sasa nionyeshe wanapoingilia hao maadui zako."

Meneja alikuwa na ushahidi, au alidhani anao. Kwenye mdomo wa mfereji wa kuingiza maji palikuwa na wavu mzito wa kuchuja, na wavu ulikuwa na tundu la kupitisha mkono.

"Wameukata," alisema. "Kamba wangu wanatoka huku, wao wanawangoja kule. Na wa kwao wenye maradhi wanaingia."

Mkaguzi alipiga magoti kwenye tope bila kuionea huruma suruali yake. Alishika nyuzi moja moja.

"Kisu kingekata sawasawa. Hizi zimetafunwa. Mshukiwa wako ana miguu kumi na anatembea ubavu."

"Kaa?"

"Kaa."

"Basi kaa ndiye aliyeuleta! Kaa si hubeba virusi hivi?"

"Hubeba. Lakini tazama wavu wote umeota ukoga wa kijani, na nyuzi za tundu hili bado nyeupe. Halijamaliza siku tatu. Kamba wako walianza kufa lini?"

"Jumatatu iliyopita," alisema Meneja kwa shingo upande. Leo ilikuwa Jumatano ya wiki ya pili.

"Mwache kaa wa watu."

Kina mama walikuwa hatua mia mbili juu ya mfereji, upande maji yanakotokea, majini hadi kiunoni. Msemaji wao alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo hadi ng'ambo, na wenzake walimwita Mama Nyavu. Alimtazama Mkaguzi akija, akamtazama Meneja nyuma yake, akamalizia kuvuta wavu wake kwanza.

"Karibuni," alisema. "Mmekuja kutuaga au kutuzika?"

"Nimekuja kuomba kamba, mama."

"Ha! Wanatufukuza, na kamba wanataka." Wenzake walicheka. "Wa kula au wa kesi?"

"Wa kesi."

"Wa kesi ni bure." Akamimina wavu wote juu ya turubai. "Haya, chukua."

"Sitaki kuchagua. Nipe kama walivyokuja."

"Kwani wavu unachagua? Wavu unaleta mkubwa, mdogo, mzima, kilema, na mifuko ya chakula ya huyu bwana juu yake." Alimnyooshea Meneja kidole. Kwenye turubai kweli kulikuwa na kipande cha mfuko wenye nembo ya shamba, na Meneja akakitazama kama hajawahi kukiona maishani.

"Mmeanza kuvua hapa lini?"

"Idara ilipofungua msimu. Wiki ya tano hii. Kabla ya hapo hata mguu hatutii, uliza walinzi wenu wenyewe. Wanatulinda kuliko benki."

Mkaguzi alipima kamba kumi wa pale juu. Mstari mmoja kila mahali: safi. Akaenda na Mama Nyavu hadi chini, mahali mfereji wa kutolea maji ya shamba unapomwagika, akapima kumi wengine. Saba walitoa mistari miwili.

"Juu wazima, chini wagonjwa," alisema Mama Nyavu. "Mimi sikusoma, lakini hiyo naisoma."

"Kamba wanaogelea," alidakia Meneja. "Huenda waliugua juu, wakashuka. Na mimi nina vyeti kumi na kimoja, mama. Wewe una nini?"

Kwa mara ya kwanza asubuhi ile Mama Nyavu aliingiwa na hofu, na Mkaguzi aliiona na haikumpendeza. Meneja alikuwa na haki kwa jambo moja: mbele ya Mkuu wa Idara, karatasi kumi na moja zenye mihuri zingeyashinda maneno ya mtu aliyelowa hadi kiunoni.

Saa nne kasorobo. Mkaguzi alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akalikodolea macho rundo la kamba kwenye turubai. Wakubwa, wadogo, vilema. Hakuna wawili waliolingana. Akakumbuka alichosema Mama Nyavu kuhusu wavu, akatoa simu.

Mkuu wa maabara alikuwa mdogo wa mkewe, na simu yoyote kati yao ilianza kwa uchokozi.

"Shemeji! Saa hizi? Dada yangu kakufukuza?"

"Bado, yuko kwenye mipango. Fungua daftari la sampuli za shamba hili. Nisomee uzito."

"Wa wiki gani?"

"Wote."

Akamsomea. Wiki ya tano, wastani wa gramu kumi na tatu. Wiki ya nane, gramu kumi na tisa. Wiki ya kumi, gramu ishirini na mbili. Mkaguzi aliandika kwenye kiganja cha mkono, kisha akamgeukia Meneja.

"Kwa hesabu yako ya kuwalisha, wiki ya nane kamba wako walikuwa na gramu ngapi?"

Meneja alitazama kwenye simu yake. "Kumi na mbili, kwa wastani."

"Na waliofika maabara walikuwa na kumi na tisa."

"Shemeji," ilisema simu, "mimi siku zote nasema, lile shamba linatuletea mabibi harusi. Wengine wanatutumia vitu vya kutia huruma, lakini hao! Macho yanang'aa, sharubu zote zipo."

"Na hukuwahi kushangaa?"

"Nilidhani ni shamba zuri."

Mkaguzi alikata simu, akamtazama Meneja kwa namna ambayo Meneja hakuipenda.

"Nani huchagua kamba wa kupeleka maabara?"

"Si mimi! Wallahi si mimi. Ni mzee."

"Ulimwambia achague wazuri?"

"Ningemwambia hivyo, leo ningekuwa nalia? Bwawa zima linakufa, Mkaguzi. Nani anajidanganya mwenyewe hadi afilisike?"

Hilo lilikuwa jibu zuri, na Mkaguzi alilikubali. Mtu aliyeficha ugonjwa huwa ameuza kamba mapema. Huyu alikuwa amewaangalia wakifa.

Walimkuta Bwana Taratibu ghalani akifagia sehemu iliyokwisha kufagiliwa.

"Mzee, kamba wa maabara unawachaguaje?"

"Kwa utaratibu."

"Utaratibu gani?"

"Natia kimia, huu wavu mdogo, natoa. Aliyelegea, namweka kando. Mwenye doa, kando. Asiyeruka, kando. Wanaobaki nawasafisha, nahesabu thelathini, nafunga."

"Na nani alikwambia ufanye hivyo?"

Mzee alimtazama kwa mshangao wa mtu anayeulizwa nani alimwambia avue viatu mlangoni. "Fomu."

Fomu ilikuwa ukutani, ndani ya plastiki, imebandikwa kwa misumari minne iliyopimwa. Bwana Taratibu aliweka kidole kwenye kipengele cha tatu, akasoma kwa sauti, polepole, bila kukosea hata silabi moja.

"Chukua kamba wazima thelathini."

Akageuka. "Wazima. Mimi nimetoa wazima. Anayeumwa si mzima. Au nimekosea kusoma?"

Mkaguzi aliisoma sentensi mara tatu. Masikio yalimwaka moto. Aliijua ile sentensi hadi nukta yake, kwa sababu aliitunga yeye mwenyewe, miaka minne iliyopita, kwenye meza yake, akiwa amechoshwa na mashamba yaliyokuwa yakituma mikia mitupu kama ya kupeleka jikoni. Maabara huhitaji matamvua ya kupumulia, na matamvua yako kichwani. Alitaka kamba mzima mzima, asiyekatwa. Akaandika wazima, akaridhika, akachapisha nakala mia mbili.

"Hukukosea kusoma," alisema. Sauti ilimtoka ndogo.

Kamba aliyeambukizwa huacha kula, hulegea, hujisogeza kingoni. Ndiye hasa anayetafutwa. Na kwa wiki kumi na moja mzee huyu mwaminifu alikuwa akimtoa mmoja mmoja, kwa mkono wake, na kupeleka waliobaki.

"Wale wa kando," aliuliza Mkaguzi, akijiandaa kwa jibu baya, "uliwatupa?"

"Kutupa?" Bwana Taratibu karibu akasirike. "Fomu haikusema nitupe. Njoo."

Nyuma ya ghala palikuwa na friza kuukuu lenye mlango uliofungwa kwa mpira wa baiskeli. Mzee alilifungua. Ndani, safu kwa safu, kulikuwa na mifuko ya plastiki, na katika kila mfuko karatasi ya malisho ya siku ile, yenye tarehe juu na saini ya Meneja chini.

"Nilisema moyoni," alisema mzee, "hawa wenye maabara leo wametaka wazima. Iko siku watataka wagonjwa. Nisihangaike."

Mkaguzi alitamani kumkumbatia, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kujizuia sana, akamkumbatia. Mfuko wa kwanza ulikuwa wa wiki tisa zilizopita. Wakati ule kina mama walikuwa bado wiki nne nzima nchi kavu, wakichungwa na walinzi.

"Saini hii ni yako?" alimuuliza Meneja.

Meneja aliitazama kwa muda mrefu kuliko mtu anavyohitaji kuitambua saini yake. "Ni yangu."

Saa tano kamili mifuko mitano ilikuwa ndani ya sanduku la barafu, njiani kwenda maabara. Kipimo cha ukanda kingetosha kwa Mkaguzi, lakini kisingetosha kwa barua. Alitaka kipimo cha vinasaba, kile ambamo mashine hutafuta kirusi kimoja na kukizidisha hadi kionekane, na alimwomba shemeji yake atumie matamvua peke yake, macho asiyaguse, kwa kuwa macho ya kamba huivuruga mashine.

"Unanifundisha kazi, Shemeji?"

"Leo sina ubavu wa kumfundisha mtu," alisema, akakata simu.

Njiani kuelekea ukumbi wa Idara Meneja ndiye aliyeendesha gari. Hakuwa na kinyongo tena. Alishafikiri sawasawa.

"Basi kina mama hawana kosa. Nitasema hivyo. Kosa ni la mzee. Hajui kusoma fomu. Nitambadilishia kazi, yaishe."

Mkaguzi aliangalia dirishani. Fomu haikuwa na jina la mtunzi. Watu wawili tu walijua nani aliiandika, naye shemeji asingesema. Alikuwa na heshima ya miaka ishirini na miwili, na neno moja lilitosha kuitia doa. Hakumjibu Meneja. Aliona aibu kwa kunyamaza kule, tena aibu ya kweli, lakini alinyamaza.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Kina mama walikuwa wamekaa upande wa kulia, kanga bado zikidondoka maji. Bwana Taratibu alisimama karibu na mlango, kwa kuwa hakuna aliyemwambia akae. Mkuu wa Idara, mama wa miwani myembamba asiyependa hadithi ndefu, alikuwa na barua mbele yake na kalamu mkononi.

Simu ya Mkaguzi ililia saa tisa kasoro dakika sita. Aliiweka mezani, sauti wazi.

"Mifuko yote mitano," ilisema sauti ya shemeji, kavu na ya kikazi. "Virusi vipo. Wa wiki tisa zilizopita wanavyo kama wa juzi."

Mkaguzi alieleza kwa ufupi: tarehe, saini, msimu ulipofunguliwa, kamba safi wa juu na wagonjwa wa chini. Ugonjwa ulikuwa bwawani kabla wavu hata mmoja haujaingia majini. Ulitoka shambani kwenda baharini. Ulifikaje bwawani, hilo lingetafutwa kule vifaranga vya kamba vilikonunuliwa.

Mkuu wa Idara alimtazama Meneja. "Unapinga?"

"Sipingi."

Akaichana barua vipande viwili, kisha vinne. Upande wa kulia mtu alipiga kigelegele, akanyamazishwa na Mama Nyavu, ambaye machozi yalikuwa yakimtoka bila yeye kuyajali.

"Nabaki na swali moja," alisema Mkuu wa Idara, akivuta karatasi mpya. "Vyeti kumi na kimoja vilidanganyaje? Niandike kosa la nani?"

Meneja aligeuka kuelekea mlangoni. Wote wakageuka naye. Bwana Taratibu alikuwa amevua kofia, anaishika kwa mikono yote miwili, na uso wake ulikuwa wa mtu ambaye ameshajihukumu na anangoja tu kutajiwa kazi yake mpya.

Mkaguzi akapiga moyo konde.

"La kwangu," alisema. "Ile fomu niliiandika mimi. Nilitaka kamba asiyekatwa, nikaandika wazima. Mzee alifanya nilivyoandika, neno kwa neno. Asingekuwa mwangalifu kuliko mimi, leo mngekuwa mmewafukuza hawa kina mama, na mimi ndiye ningekuwa nimewafukuza."

Mkuu wa Idara aliandika kitu, akakipigia mstari. Karibu na mlango mzee aliiangalia kofia yake, akaivaa, akaketi kwenye kiti cha kwanza alichokiona.

Mama Nyavu alisimama. Alimtazama Mkaguzi kutoka utosini hadi kwenye magoti yake yenye tope, na wenzake wakangoja waone atamrarua vipi.

"Mkaguzi," alisema, "kule nyuma kuna dada yetu, masikio yake si mazuri. Hajasikia."

"Hajasikia nini?"

"Hilo la mwisho. Kosa la nani."

Kicheko kilianza mahali fulani na kusambaa. Mkaguzi alihisi kinampanda na yeye, akakohoa, akajiweka sawa, akageukia viti vya nyuma.

"La kwangu!" alisema, kwa sauti ambayo hata mtu wa nje ya geti angeisikia.

Yule dada wa nyuma aliitikia kwa kichwa. "Basi sawa," alisema. "Twendeni, maji yanatuacha."